Dawa ya Deni Nimekwisha Kunywa

Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, kwa wakuu wa kampuni za CRB (zinazotunza rekodi za mikopo ya watu), na kwa wakuu wa benki zinazokopesha kupitia simu

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni mama muuza vitunguu katika soko la Kongowea, Mombasa. Nawaandikia kuhusu shilingi 6,500 nilizokopa kwa simu mwanzo wa Machi 2020. Pesa hizo nimelipa, na mpaka leo zinanifuata kila ninapoketi mbele ya meza ya mkopo.

Nilichelewa kulipa, wala silikatai hilo. Nilichukua mkopo wa siku 30 kuongeza magunia mawili, kwa sababu wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa jikoni katika hoteli za Nyali na Bamburi na Pasaka ilikuwa inakuja. Machi 13 ikatangazwa kesi ya kwanza ya korona nchini. Machi 27 kafyu ikaanza, na Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka ila mizigo. Hoteli zikafunga milango. Vitunguu vyangu vikabaki ndani ya magunia mpaka vikaota. Anayefanya kazi hii anajua: ukikibonyeza kitunguu kilichoota kidole kinazama, katikati kuna maji, na kimoja kikioza kinaozesha jirani zake. Nilikaa chini na wanangu tukachambua gunia baada ya gunia, tukakata majani, tukauza mafungu ya shilingi kumi kumi pale mtaani. Nilipeleka shilingi 2,000 kwenye lile deni. Zilizobaki sikuzipata.

Mwaka ule Benki Kuu ilisimamisha kwa miezi sita, kuanzia Aprili 1, kuwaorodhesha CRB, kama wasiolipa, watu ambao mikopo yao iliharibika wakati ule wa janga. Nashukuru kwa hilo, maana tulipata pumzi. Lakini Septemba 30 muda ukaisha, na hoteli zilikuwa bado hazijasimama sawasawa. Kanuni zinataka mteja ajulishwe kabla jina lake halijapelekwa. Kwangu ujumbe ulikuja, kwa Kiingereza, katikati ya matangazo ya bahati nasibu na ya vifurushi vya intaneti, nami nikaupita. Nilikuja kujua mwaka 2022, siku nilipokwenda kuomba mkopo wa kukarabati kibanda. Kijana wa benki alikuwa mpole sana. Alitazama skrini, akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini ili wa nyuma yangu kwenye foleni asisikie: "Mama, uko CRB."

Namna alivyoshusha sauti ndiyo iliyonifanya nielewe. Alikuwa ananisitiri, kama mtu anayesitiriwa ugonjwa.

Wala sikuwa peke yangu. Novemba 2022 ninyi Benki Kuu mlitangaza mpango wa kuwarekebishia rekodi watu waliokopa kwa simu mikopo ya siku 30 au chini yake na wakashindwa kulipa. Mlisema wenyewe kwamba watu hao ni zaidi ya milioni 4.2, na madeni yao yote yakijumlishwa ni kama shilingi bilioni 30. Nilichukua kikokotoo cha hesabu za soko nikagawanya: inakuja kama shilingi elfu saba kwa kila kichwa. Mkasema pia kwamba bilioni 30 hizo ni asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki, iliyokuwa imefika shilingi trilioni 3.6. Yaani watu milioni nne na ushei walikuwa wamefungiwa mlango wa mkopo kwa sababu ya kitu kisichofika hata shilingi moja katika kila mia ambayo benki zimekopesha. Naomba mkae na hesabu hiyo kidogo, kwa sababu barua yangu yote imesimama juu yake.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Benki isamehe angalau nusu ya deni, mkopaji arudishwe kwenye hesabu ya wanaolipa, na nusu iliyobaki ailipe kwa utaratibu hadi Mei 31, 2023. Mimi nilikuwa nimefika 5,140 pamoja na ada zilizoongezeka. Nikasamehewa 2,570, nikabaki na 2,570. Nililipa kwa vipande: mia tatu, mia tano, siku ya soko zuri elfu moja. Aprili 28, 2023, saa nane mchana, nikatuma cha mwisho. Nikauonyesha ujumbe wa malipo kwa majirani wangu wote wa pale sokoni, na mmoja akanunua soda. Tumelelewa na maneno ya wazee kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nilijua nimeinywa, nimepona.

Agosti mwaka huohuo tukapatana mimi na mwenzangu tuunganishe mtaji, tuache kununua kwa madalali, tulete vitunguu vya Tanzania moja kwa moja kupitia Taveta. Sehemu yangu ilikuwa shilingi 80,000. Nilikwenda benki nimevaa baibui yangu mpya, na ule ujumbe wa malipo nimeutoa kwenye karatasi. Nikakataliwa. Safari hii afisa hakushusha sauti.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo nadhani kila Mkenya angefaa kufundishwa kabla hajakopeshwa senti. Nilijifunza kwamba kampuni za CRB zenye leseni ni tatu, na kila moja ina daftari lake. Nilijifunza kwamba nina haki ya kupata ripoti yangu bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja. Nikaziomba zote tatu, nikaenda kuzitoa kwenye karatasi kwa kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Zilikuwa Kiingereza tupu. Kijana akanisomea kwa kidole, mstari kwa mstari: jina langu, namba ya kitambulisho, anwani niliyohama miaka tisa iliyopita, halafu jedwali lenye akaunti, tarehe, salio, siku za kuchelewa. Ripoti mbili zilisema mkopo umelipwa. Ya tatu ilisema nadaiwa shilingi 2,570, na kwamba nimepitisha siku 90.

Shilingi 2,570. Ile nusu niliyosamehewa.

Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikalia, nasema kweli. Msamaha wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa deni ndani ya daftari moja, na hilo daftari moja ndilo afisa wa mkopo alilofungua.

Nilikwenda kwenye tawi la benki iliyonikopesha. Wakaniambia mikopo ya simu haiko chini ya tawi, nipige namba ya wateja. Kwenye namba ya wateja wakaniambia wao wanaona deni limelipwa, kwa hiyo tatizo ni la CRB. Kule CRB wakaniambia wao huandika walicholetewa na benki, kwa hiyo benki ndiyo ilete marekebisho. Wote watatu walikuwa wanasema kweli, ndiyo sababu sikuwa na mtu wa kugombana naye. Nikaandika malalamiko kwa maandishi, nikaambatisha ujumbe wa malipo na ule wa msamaha, nikapeleka nakala pande zote mbili. Ilichukua wiki kumi na moja mpaka mstari ule ukabadilika. Vitunguu vya Tanzania vilikuwa vimekwisha kuingia sokoni, vimeletwa na wengine.

Katika wiki hizo kumi na moja nilikopa kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni. Shilingi 20,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, kitambulisho changu kikabaki kwake. Nalieleza hili kwa sababu nafikiri huko juu hamlioni: mtu akifungiwa benki haja ya mtaji haiishi, inahamia tu uchochoroni, ambako hakuna kanuni wala Gavana.

Na uchochoroni huko kuna wengine wabaya zaidi. Nguzo za stima hapa mtaani zimebandikwa karatasi za watu wanaodai kumtoa mtu CRB kwa siku moja. Mimi niliambiwa nitoe 3,500 na namba ya kitambulisho. Mwenzangu mmoja alitoa, na pesa zake zilikwenda hivyohivyo. Hakuna mtu wa barabarani anayeweza kufuta rekodi hizo. Zinabadilika pale tu mkopeshaji anapopeleka taarifa sahihi. Lakini mnielewe kwa nini watu huamini: njia ya halali inachukua wiki kumi na moja na haina anayekuonyesha pa kuanzia, na mwenye karatasi kwenye nguzo anapokea simu mara ya kwanza unapopiga.

Sasa nifike kwenye ombi langu, maana sikuandika ili nisikitikiwe.

Siombi rekodi yangu ifutwe. Pesa ambazo benki inakopesha ni akiba za watu, na zangu kidogo zimo. Mwenye akiba ana haki ya kujua kwamba anayekopeshwa ana desturi ya kulipa. Naomba rekodi iandikwe yote. Siku niliyoshindwa kulipa iliandikwa haraka na ikasambaa kote. Siku niliyolipa nayo iandikwe kwa haraka ileile, isambae kote kule kule. Mwenye mtambo wa kunikata deni ndani ya sekunde chache pesa inapoingia kwenye simu yangu hashindwi kuwapelekea watu watatu habari kwamba deni limekwisha. Benki Kuu iweke muda, uhesabiwe kwa siku, na mteja atumiwe ujumbe kwenye simu kwa Kiswahili: mkopo wako umelipwa, kampuni zote tatu zimejulishwa, tarehe hii. Na benki inayochelewa itozwe faini kama ninavyotozwa mimi nikichelewa.

Kifungu cha 35 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Mimi si mwanasheria. Lakini haki ambayo mtu anaipata baada ya kuacha biashara siku nne na kupanda matatu mara kumi si haki aliyopewa, ni haki aliyoinunua. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ripoti inayoamua kama nitapata mtaji au sitapata ingeweza kuandikwa kwa lugha ninayoisoma bila kumlipa kijana wa saiba.

Kisha kuna jambo la miaka mitano. Hata baada ya kusahihishwa, historia ya kwamba niliwahi kushindwa inabaki miaka mitano tangu siku nilipomaliza kulipa. Kwangu hiyo ni Aprili 2028. Nilipouliza kama aliyeshindwa kulipa shilingi milioni sitini anakaa muda gani, nikaambiwa ni uleule. Hapa ndipo ninapoona hamkutufanyia sawa. Kanuni zenu za 2020 zilikubali kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 ni dogo mno kumwekea mtu alama mbaya. Basi mmekwisha kukubali wenyewe kwamba ukubwa wa deni una maana. Endelezeni fikra hiyo. Deni dogo, la elfu kumi kwenda chini, likilipwa lote, nafikiri mwaka mmoja unatosha. Mwaka mmoja wa kukopa kidogo na kulipa kwa wakati unamweleza afisa mengi zaidi kuliko kosa la wakati ambao hoteli zote za pwani zilikuwa zimefungwa.

Zile alama za uaminifu wa kukopa tunazopewa na kampuni za CRB, ambazo kwa kampuni moja huanzia 200 hadi 900, hakuna aliyewahi kunieleza zinapandaje. Niligundua kwa kupapasa. Nilichukua mkopo mdogo wa simu nisiouhitaji, nikaulipa kabla ya siku, nikachukua mwingine, nikaulipa. Limiti yangu, yaani kiasi cha juu ninachoruhusiwa kukopa kwa simu, iliyokuwa imeshuka hadi sifuri ikapanda hadi mia tano, ikaja elfu moja. Kwa hiyo ili nionekane mwaminifu ilinilazimu kukopa pesa nisizozihitaji na kulipa ada juu yake. Sidhani Benki Kuu ilikusudia hivyo. Semeni wazi, kwa redio na pale sokoni, hatua za kurudi ni zipi: lipa hivi, subiri kiasi hiki, alama itasogea namna hii. Mtu anayeziona hatua atazipanda.

Na yapo mambo mema yetu ambayo hamyaoni kabisa. Chama chetu kina wanawake kumi na wanne. Tangu 2017 kila Jumatatu kila mmoja anatoa shilingi 200. Mwaka 2020 tulipokuwa hatuna kitu tulishuka hadi 50, lakini hapakuwa na Jumatatu iliyorukwa. Mweka hazina ana daftari la kurasa 96, la nne sasa, lenye jina na sahihi katika kila mstari, na kurasa za mwaka ule wa kufungiwa zina madoa ya kitakasa mikono. Mkitaka kujua kama nina desturi ya kulipa, imeandikwa mle. Mwaka 2024 sacco yetu ndogo ilinikopesha 30,000 kwa dhamana ya wanachama watatu, nikamaliza miezi kumi bila kuchelewa hata awamu moja. Nilipochukua ripoti baada ya hapo, mkopo ule haukuwemo. Kosa la 6,500 limo, na uaminifu wa 30,000 haumo. Tangu 2013 kanuni zinaruhusu habari njema ziingie kwenye rekodi pamoja na mbaya, lakini sacco ndogo haina mtambo wala mtu wa kuzipeleka. Wapeni njia rahisi, hata ikiwa ni fomu ya simu, na msiwatoze.

Jambo jingine nalisema kwa kifupi kwa sababu linawahusu vijana zaidi kuliko mimi. Mpwa wangu aliomba kazi ya ulinzi akaambiwa alete cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba hajaorodheshwa. Hajawahi kukopa hata shilingi. Cheti cha kwanza ni bure, ndiyo, lakini kijana mwingine, aliyeorodheshwa kwa sababu hana kazi, anawezaje kupata kazi ya kulipia deni, ikiwa kazi yenyewe inataka asiwe ameorodheshwa? Zungumzeni na waajiri. Rekodi ya mkopo iwe ya mkopo.

Kwa wakuu wa benki nina neno moja la pembeni. Maafisa wenu wafundishwe kutoa sababu kwa maandishi wanapomkatalia mtu, na kumwambia ni daftari la kampuni gani walilotazama. Kama yule wa Agosti angeniandikia jina la kampuni ile kwenye kipande cha karatasi, ningeanza kufuatilia siku hiyohiyo badala ya kuhangaika wiki tatu nikijiuliza nimekosa nini.

Nakala za ripoti zangu tatu, ujumbe wa msamaha, ujumbe wa malipo na barua zote nilizoandika ziko ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya meza yangu, nimezifunga kwa mfuko wa nailoni zisishike unyevu. Afisa yeyote wa Benki Kuu, wa tawi la hapa Mombasa au wa makao makuu Nairobi, akitaka kuziona anikute sokoni. Huwa nafika saa kumi alfajiri, malori yakianza kushusha, na kufikia saa tatu asubuhi nina nafasi ya kuketi na kuzungumza.

Wenu kwa heshima,

Muuza vitunguu,
Soko la Kongowea, Mombasa